Ujumbe Nilioumeza Misigiri

Harufu ya breki zilizoungua haifanani na harufu nyingine ninayoijua. Ina kidogo cha mpira, kidogo cha nywele zilizoshikwa na moto, na ukali fulani unaokaa nyuma ya koo hata ukimeza mate mara ngapi. Wiki iliyopita nilikuwa dukani hapa Utemini, Singida, nikinunua mafuta ya alizeti, lori likasimama nje, na harufu hiyo ikaingia mlangoni pamoja na vumbi. Muuza duka aliendelea kunipimia mafuta kama kawaida. Mimi nilishika kaunta. Siku hizi ni mama wa watoto wawili, lakini niliishika kama nilivyoshika kiti cha gari nilipokuwa na miaka kumi. Nilimdanganya muuza duka kwamba nimetoka nyumbani bila chai.

Nitakueleza kilichotokea, ila nivumilie kwanza nikusimulie habari za gari letu, maana bila hilo gari hutanielewa.

Baba yangu alikuwa fundi seremala, na karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba yetu. Mama yake, ambaye sisi wajukuu tulimwita Bibi tu, aliishi Ilongero na ng'ombe wake watatu na shamba la uwele, hadi alipougua saratani ya kizazi. Madaktari walimwelekeza kwenye hospitali kubwa huko Mwanza, awe anakwenda kila baada ya majuma kadhaa kwa tiba ya mionzi. Ugonjwa ule, kwa asiyeujua, una harufu. Bibi alikuwa mwanamke msafi kupita kiasi, wa kufua hata kamba za kufungia ndama, na harufu ile ilimwumiza kuliko maumivu yenyewe. Safari ya kwanza walikwenda kwa basi, wakalala nyumba ya wageni njiani. Asubuhi mhudumu aliingia kubadilisha mashuka, akajifunika pua kwa ncha ya kitenge chake. Hakusema neno baya. Bibi alikuwa ameketi pembeni akifunga kilemba, na alimwona. Tangu siku hiyo alisema hatalala tena kwenye kitanda cha mtu, na kama Mwanza haifikiki bila kulala njiani, basi Mwanza ibaki huko huko na yeye abaki Ilongero.

Baba alifikiri siku tatu. Ya nne akatoweka, akarudi jioni akiendesha Kosta kuukuu, basi dogo lililochoka kubeba abiria. Aling'oa viti vyote isipokuwa cha dereva na viwili nyuma yake. Mle ndani akajenga nyumba. Alifunga kitanda cha mninga sakafuni kwa bolti, akatengeneza kabati la nguo, meza ya kukunja, rafu ya jiko dogo la gesi, na pazia la kuogea. Mama alishona mapazia ya madirisha kwa kitambaa cha maua mekundu. Watoto wa mtaani hawakukawia kulipa gari jina. Walisema Fundi ametia injini kwenye kabati, na kuanzia hapo likaitwa Kabati. Baba alijifanya kuudhika, lakini nilimsikia mara nyingi akilisifia mwenyewe, "Kabati leo linavuta vizuri."

Bibi alipolala kwenye kitanda kile mara ya kwanza, alisema ni chake, hakuna atakayeziba pua. Akakubali kwenda Mwanza.

Waliokuwa wakisafiri ni Baba, Bibi, na Shangazi Tabu, dada mkubwa wa Baba, aliyemhudumia Bibi. Mama alibaki nyumbani na wadogo zangu. Mimi nilichukuliwa wakati wa likizo kwa sababu moja tu, kwamba Bibi alipokataa chakula kwa kila mtu, mimi alinikubalia.

Gari la kuishi ndani yake huwezi kulilaza popote. Tulikuwa tunalala kwenye maegesho ya malori, ambako kuna mlinzi, choo na mama lishe. Madereva walitujua baada ya safari mbili. Walipika ugali kando ya magurudumu yao, wakaanika fulana kwenye vioo, wakasikiliza redio, na sisi katikati yao na mapazia yetu ya maua kama waliokuja harusini siku isiyo yake. Baba aliwapenda. Mimi niliwaogopa kuliko kitu chochote.

Hofu hiyo alinipa Shangazi Tabu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mjane aliyeishi maisha yake yote akihesabu hatari, na alinipenda kwa kunihesabia na mimi. Aliniambia dereva wa lori hana kwao, na asiye na kwao hana wa kumwonea haya. Alinionyesha lile sanduku la chuma lililoko chini ya trela, ambamo wanaweka spana na sufuria, akasema mtoto wa umri wangu anaenea mle akikunjwa vizuri, na kelele za injini zinafunika kelele zote. Kila tulipoegesha, nilitafuta masanduku hayo kwa macho. Nilipima urefu wake. Nilijikunja kichwani mwangu kuona kama kweli ningeenea, na kila mara nilienea.

Safari ninayotaka kukusimulia ilikuwa ya tano. Kabla yake Baba alikuwa ameongeza kitu kimoja. Safari zilizotangulia tulibeba maji kwenye madumu, na siku zote yaliisha kabla Bibi hajaridhika kuoga. Basi Baba akafunga tangi jeusi la lita mia tano juu ya paa, kwenye fremu ya chuma aliyoichomelea mwenyewe, akashusha bomba hadi karibu na kitanda, likaishia kwenye koki ndogo ya njano. Alimwita Bibi aifungue. Bibi aliifungua, akaifunga, akaifungua tena, akaangalia maji yakianguka kwenye beseni. Watu wa Singida mnaelewa. Huyu ni mwanamke aliyechota maji visimani tangu utoto wake, akiyabeba kichwani, na sasa yanamjia kitandani. Alicheka mpaka akashika ubavu kwa maumivu. Siku ile alioga mara tatu.

Tuliondoka Singida asubuhi moja ya mwezi wa sita, upepo ukivuma ule wa baridi unaoingia hadi kwenye meno. Kabati lilikuwa linayumba kuliko nilivyozoea. Kwenye kila kona nilihisi kitu kizito juu yetu kikichelewa kidogo, halafu kikitufuata. Bibi alianza kutapika, na tulipofika Misigiri, kituo cha malori kabla ya Mlima Sekenke, saa sita mchana haijafika, Baba aliamua tupumzike hadi kesho yake. Tukaegesha kati ya malori. Baba akaenda kutafuta duka la dawa, Shangazi akaenda kufua mashuka nyuma ya kibanda cha mama lishe, mimi nikaachwa nimwangalie Bibi, ambaye alikuwa amelala na uso kaugeuzia ukuta. Niliagizwa nisifungue mlango, nisifungue dirisha, nisiongee na mtu.

Ndipo nikasikia chuma kikigonga tairi letu.

Nilisogeza pazia upana wa kidole. Mwanamume mrefu mwembamba, mwenye kofia ya kufuma na mvi kidevuni, alikuwa anazunguka gari letu na fimbo ya chuma mkononi. Aligonga tairi, akasikiliza, akaenda la pili. Alichuchumaa akachungulia chini kwenye springi. Kisha akasimama, akaweka kiganja chake kwenye ubavu wa Kabati, karibu kabisa na uso wangu, na nikaona kwamba mkono huo wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vya mwisho havikuwepo. Alilisukuma gari taratibu, likacheza, na juu tukasikia maji yakienda huku na huko. Alipoinua macho, yalikutana na yangu kwenye ule upenyo.

Sasa usinicheke. Nilikuwa naogopa kiasi cha kutaka kujikojolea, lakini nilikuwa mtoto wa Kinyaturu niliyelelewa nyumbani, na yule alikuwa mtu mzima. Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba, binti," akajibu. "Baba yuko wapi?"

Nilimwambia katoka. Nikajuta palepale, kwa sababu nilikuwa nimemjulisha kwamba tuko peke yetu. Aligeuka kutazama barabara, kama anayepima muda. Nyuma yake lilikuwa lori lake, semi nyekundu iliyobeba saruji, na chini ya trela sanduku la chuma, likiwa wazi.

Alinisogelea, akaongea polepole, Kiswahili laini cha watu wa pwani, kama mtu anayemwelekeza mtoto njia ya dukani. Alisema, "Mwambie baba yako asishuke Sekenke na maji hayo juu. Gari limebeba kupita uwezo wake. Ayamwage hapa hapa, na mlimani ashuke na gia namba mbili, breki aziguse tu. Utakumbuka?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Akanitaka niyarudie maneno yake, nikayarudia. Akasema vizuri, akaenda zake. Pazia likaanguka. Bibi hakujitikisa.

Shangazi aliporudi na beseni lake, alisimama mlangoni akaniangalia. Akauliza nani alikuwa hapa, maana ameona mtu akitoka upande huu. Nikasema hakuna. Uongo ule ulitoka wenyewe, mwepesi, na mara tu ulipotoka nikajua nimejifungia. Kumpa Baba ujumbe kungekuwa kukiri kwamba nilisogeza pazia, nikaongea na dereva, tena nikamwambia Baba hayupo. Na tena, nani alisema yule mtu alikuwa na nia njema? Shangazi alishanionya kuhusu wanaume wenye maneno matamu. Pengine alitaka tumwage maji ili tukwame. Nilijisemea hivyo mara nyingi mchana ule. Hofu humfanya mtoto kuwa wakili hodari.

Nilijaribu. Wakati wa chakula cha jioni nilianza, "Baba," akaniangalia kwa uso wa furaha, kwa sababu dawa ilikuwa imemtuliza Bibi na nyuma ya pazia tulisikia maji yakidondoka na Bibi akiimba pole pole kwa Kinyaturu. Baba alikuwa anasikiliza wimbo ule kama mtu aliyeletewa zawadi. Nikasema naomba chumvi.

Asubuhi malori yaliondoka moja moja na jua lilipopanda maegesho yalikuwa karibu matupu. Semi nyekundu ilikuwa bado ipo, injini ikinguruma. Yule mtu alikuwa amesimama kwenye kipandio cha kabini yake akiangalia juu ya paa letu. Kisha akaangalia dirishani, kwangu. Mimi nikateleza chini kwenye kiti hadi kidevu kikagusa kifua. Nilipoinuka, Baba alikuwa anawasha gari, na yule mtu alikuwa ameshapanda lake, anaingia barabarani mbele yetu. Baba akaguna kwamba sasa tutatambaa nyuma ya saruji mpaka Shelui, chini ya mlima.

Mlima Sekenke, ukitokea upande wetu, hauonekani kama mlima kwa sababu tayari uko juu yake. Barabara inakwenda, halafu upande mmoja ardhi inakosekana, na unaona mbuga ya Wembere huko chini, rangi ya majani makavu, imelala mpaka inachanganyika na anga. Safari zilizopita nilipapenda mahali pale. Siku ile nilishika kiti kwa mikono miwili kabla hata ya kona ya kwanza, na Shangazi akaniuliza kama nataka kutapika.

Baba alikuwa anamsimulia Bibi kitu fulani, akipaza sauti ili asikike nyuma. Alishuka kama alivyozoea, gia namba nne, akikanyaga breki kila kona. Semi ilikuwa mbele yetu kama mita mia mbili, ikishuka kwa mwendo wa mzee, injini yake ikilia. Kona ya pili, juu yetu maji yakahama. Kona ya tatu, ile harufu ikaingia.

Baba akaacha kusimulia katikati ya neno.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake na niliona shingo yake. Iliingia ndani ya mabega. Mguu wake wa kulia ukakanyaga, ukainuka, ukakanyaga tena, haraka haraka, kama anayepampu tairi la baiskeli, na kila ulipokanyaga ulikwenda hadi chini kabisa bila kukutana na kitu. Alishika gia kurudisha namba mbili. Gia ikasaga kwa mlio uliofanya meno yangu yaume, ikagoma, ikabaki katikati, na injini iliyokuwa ikituvuta nyuma kidogo ikatuachia. Kukawa na ukimya wa ajabu. Gari likakimbia lenyewe, laini kabisa, kama kitu kilichofunguliwa kamba. Baba akavuta hendibreki kwa nguvu zake zote. Moshi ukatoka chini, mwendo haukupungua. Kushoto kulikuwa na mwamba. Kulia hakukuwa na kitu.

Akapiga honi, hakuiachia tena. Shangazi Tabu alianza sala ya Baba Yetu, akafika kwenye mkate wetu wa kila siku, akakwama hapo, akawa anaomba mkate tu, mkate tu, macho yakiwa wazi. Na mimi nilisema. Nataka ujue kwamba nilisema. Nilisema, "Baba, yule mtu alisema umwage maji." Nilisema mara mbili au tatu, lakini honi ilikuwa inalia na sauti yangu haikufika hata kwenye masikio yangu.

Semi nyekundu ilikuwa inakua kwenye kioo. Niliona taa zake za nyuma, niliona turubai na kamba zake. Halafu nikaona kitu kilichonikatisha tamaa kabisa. Lori lile, lililokuwa linatambaa, likatoa moshi mweusi na kuanza kukimbia. Anatukimbia, niliwaza. Amesikia honi, ametuona, na anatukimbia. Nikawaza kwamba yote aliyosema Shangazi ni kweli, hawana kwao na hawana huruma.

Lakini halikwenda mbali. Lilikimbia mwendo ule ule tuliokuwa nao sisi, katikati ya barabara, likitungoja huku likikimbia. Tulilifikia. Mguso wa kwanza haukuwa mkubwa nilivyotegemea, ni kama kugongwa bega na mtu sokoni, taa zetu zikapasuka. Tukaachana. Tukagusana tena, na safari hii hatukuachana. Kioo cha mbele kikawa cheupe, chote nyufa, na Baba akawa anaendesha bila kuona kitu isipokuwa kivuli cha trela. Nikasikia breki za upepo za lori lile zikipiga kelele, fupi fupi, na kila kelele tukasukumwa mbele kwenye viti. Mbao zilikuwa zinalia. Kabati la nguo likang'oka likaanguka. Juu yetu kitu kikapasuka, na maji yakaanza kumwagika kwenye madirisha yote, mengi, kama masika. Nikafumba macho.

Nilipoyafumbua tulikuwa tumesimama.

Maji yaliendelea kushuka. Bibi, ambaye wakati wote ule hakupiga hata ukelele mmoja, alisema kutoka kitandani, "Nilijua nitafia kitandani, sikujua kama kitanda chenyewe kitakuwa na haraka hivi."

Yule mtu alikuja akikimbia na magogo mawili ya mbao, akayasukumiza chini ya magurudumu yetu. Baba alitaka kumwagia magurudumu maji yaliyokuwa yanatiririka, naye akamkataza, chuma chenye moto kikimwagiwa kinapasuka. Halafu akasimama tu kando ya barabara. Alitoa chupa ya maji mfukoni mwa koti akashindwa kuifungua. Mikono yake, ule wenye vidole vitano na ule wenye vitatu, ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba chupa ilianguka. Shangazi alinong'ona kwamba amelewa. Nami niliamini, nikarudi nyuma ya sketi yake.

Kabati halikuweza kutembea. Yule mtu akasema mgonjwa hawezi kukaa mlimani juani, atatupeleka Shelui, halafu Baba atatafutiwa mafundi. Hivyo ndivyo nilivyopanda kabini ya semi. Nyuma ya viti kulikuwa na kitanda chake chembamba. Alitandika shuka safi juu yake, yeye na Baba wakamwinua Bibi wakamlaza. Bibi alikuwa ameloa na amefadhaika, na akaanza kuomba radhi, kwamba ataliharibu shuka, kwamba gari la watu litanuka.

Yule mtu alikuwa anafunga mlango. Akasema, "Mama, mimi nanuka dizeli mwaka wa ishirini huu. Humu hakuna atakayekunusa."

Bibi alimwangalia muda mrefu. Kisha akageuka upande, akalala, na mpaka tunafika chini hakuamka. Baba alibaki kulinda Kabati. Shangazi alikaa katikati, mkoba umebanwa kifuani, na tulipofika Shelui nilimsikia akimwuliza yule mtu jina lake na kwao ni wapi. Akasema anaitwa Athumani, kwao Korogwe, ana mke na watoto wanne. Mkoba wa Shangazi ukashuka hadi mapajani.

Baba alifika saa mbili baadaye kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye nyusi. Alimshika yule mtu mkono, akashindwa kuuachia. Alisema kuna kitu hakielewi. Alisema malori yote yaliondoka alfajiri, na saruji yake ilikuwa imefungwa tangu jana, sasa kwa nini yeye alikuwa bado yupo Misigiri saa ile?

Nilikuwa nimesimama pale, karibu na gurudumu kubwa kuliko mimi. Athumani aliniangalia. Hakuniangalia kwa ukali. Aliniangalia kama mtu anayesoma kibao cha barabarani, akasoma kila kitu kilichoandikwa usoni kwangu, kisha akamgeukia Baba.

"Breki zilichelewa kujaa upepo," akasema. "Haya magari ya zamani."

Akapanda, akaondoka. Hatukumwona tena.

Mafundi wa Shelui walilihudumia Kabati siku mbili, tukafika Mwanza tumechelewa, na Bibi akatibiwa. Baba hakurudisha tangi juu ya paa. Alirudia madumu, na Bibi hakulalamika hata siku moja. Aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya hapo, akafia Ilongero nyumbani kwake, kwenye kitanda kilekile cha mninga, ambacho Baba alikuwa amekifungua bolti na kumpelekea.

Mimi nilibaki na ujumbe wangu. Nilikua nao. Nilipokuwa sekondari nilikuwa nakataa kukaa upande wa dirisha kwenye basi. Nilipoolewa, mume wangu alizoea kunisikia nikiomba radhi usingizini, hakujua kwa nani. Mtu mwingine angeogopa mlima au lori. Mimi niliogopa siku Baba atakapojua kwamba binti yake alimwona Bibi akipelekwa kwenye ule mteremko na akaomba chumvi.

Nilimwambia nikiwa na mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Alikuwa karakanani akipiga randa mbao za mlango, na sikupanga, maneno yalinitoka kama yule uongo wa zamani ulivyonitoka. Nilimweleza yote, pazia, vidole vitatu, maji, gia namba mbili. Nilimwambia Athumani alitungoja makusudi na akadanganya kwa ajili yangu. Baba aliweka randa chini. Alipangusa vumbi la mbao kwenye vinyweleo vya mikono yake, polepole, mkono mmoja halafu mwingine.

"Mama yangu aliniambia," akasema. "Mwezi ule wa mwisho. Alimsikia yule mtu dirishani, neno kwa neno. Hakuwa amelala."

Sikuelewa. Nikauliza mbona basi hakusema.

"Aliogopa nitayamwaga," Baba akasema. "Aliyataka yale maji, Vero. Alisema alitaka aingie Mwanza ameoga."

Kisha akachukua randa yake na kuendelea, kwa sababu mlango ule ulikuwa unangojewa.

Nilikuwa nimeamini kwamba hofu ni mali ya watoto, na kwamba Bibi, ambaye hakupiga ukelele mlima wote, hakuwa na kitu cha kuogopa tena duniani. Sasa namwona ndani ya Kabati mchana ule, uso kaugeuzia ukuta, macho yamefumbwa, anasikiliza. Na hatua mbili kutoka kwake yuko mtoto ameshika pazia, anasikiliza maneno yaleyale. Kila mmoja alikuwa na hofu yake. Ingetosha mmoja wetu kumgeukia mwenzake.